Jiko lenye bomba kabla ya Juni: barua ya wazi kwa Meya wa Likasi

Likasi, mwezi wa Mei

Kwa Mheshimiwa Meya wa jiji la Likasi. Kwa wakuu wa komini za Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kwa wakuu wa mitaa. Na kwa wenye lupango wote wanaopangisha vyumba.

Mheshimiwa Meya,

Ninakuandikia sasa, si mwezi wa Julai, kwa sababu mwezi wa Julai barua hii itakuwa imechelewa. Mvua zimekwisha. Usiku anga halina wingu, na sisi tunaokaa karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari tunajua maana yake: wiki chache zijazo, alfajiri, joto litashuka chini ya nyuzi 10, na katika nyumba za matofali zisizo na dari baridi ya ndani itakuwa sawa na ya nje. Hapo ndipo mbabula ya makala iliyopika bukari jioni inapoingizwa chumbani. Mlango unafungwa, nguo kuukuu inasokotwa na kuziba upenyo wa chini, watoto wanalala. Kuna nyumba ambazo kesho yake mlango huo hufunguliwa na majirani.

Naomba nieleze kwanza kwa nini jambo hili linawapata watu wenye akili zao timamu. Hakuna mama wa Kikula anayeingiza ndani mbabula inayofuka. Anangoja nje mpaka moshi uishe, makala yawe mekundu, yavae majivu meupe juu. Akiona hivyo anasema yameiva, hayana madhara tena. Amejifunza hivyo kwa mama yake, na macho yake yanamthibitishia, kwa kuwa moshi haupo. Lakini linaloua haliko katika moshi unaoonekana. Hewa inayoingia chini ya mbabula huyachoma makala ya chini vizuri. Gesi inayotokana na kuungua huko, ikiendelea kupanda katikati ya makala mekundu ya juu, hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kugeuka kuwa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho wala koo. Ule mwali mdogo wa buluu unaocheza juu ya makala ni gesi hiyo ikiungua. Mwali ukizimika, gesi inaendelea kutoka bila kuungua. Kwa hiyo saa ile ile ambayo mama anaona mbabula imekuwa salama, ndiyo saa ya kuiogopa zaidi.

Gesi hiyo ikivutwa hushika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu aliye macho huumwa kichwa, miguu humlegea, kichefuchefu kikamshika, naye akadhani ni malaria. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Mtoto mdogo na mimba tumboni huumia mapema kuliko watu wazima. Wako wanaoweka beseni la maji kando ya mbabula wakiamini maji yatainywa sumu. Hayainywi, kwa sababu gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha kumfaa mtu. Dirisha lililoachwa wazi upana wa kidole halitoshi pia, na watu hulifunga baridi ikizidi, saa nane ya usiku, wakiwa nusu usingizini.

Liko jambo lingine linaloniumiza kama fundi na kama mzazi. Maiti za namna hii hazina jeraha. Watu watano wamelala kama walivyolala, chungu cha chakula kiko pembeni, basi maneno yanaanza: wamelogwa, wamewekewa sumu, ni yule bibi, ni yule jirani waliyegombana naye. Mtu asiye na kosa hubebeshwa vifo ambavyo vilitoka kwenye mbabula iliyo bado katikati ya chumba. Wakuu wa mitaa, wachungaji, maimamu, nyinyi ndio mnaofika matangani mapema kuliko polisi. Ulizeni kwanza kama kulikuwa na moto ndani, na mlango ulikuwaje. Semeni jibu hilo kwa sauti, mbele ya ukoo mzima.

Hili si la Likasi peke yake. Linatokea katika nyanda za baridi za Tanzania kama Njombe na Mbeya, linatokea Kenya huko Nyandarua, na kila mahali ambapo makala huwashwa ili mtu alale. Korea Kusini, katika miaka ya 1960 na 1970, matofali ya makaa yaliyowashwa kupasha joto sakafu za nyumba yaliua watu wengi kila majira ya baridi. Walichokifanya ni kurekebisha majiko na njia za moshi, kuwafundisha watu, kisha kuhamia taratibu kwenye joto la maji na gesi. Vifo vikapungua. Hawakuwaambia watu wavumilie baridi.

Nasi hatuwezi kuwaambia watu wavumilie. Zamani wengi walijipasha kwa resho ya umeme. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, inatoa umeme tangu 1930, na nyaya zake zinapita juu ya mapaa yetu. Lakini mkazi wa kitongoji ambako umeme hukatika jioni na kurudi alfajiri hana resho ya kuitegemea, na akiwa nayo, waya zake nyembamba zinachemka. Suala la umeme ninawaachia wenye mamlaka nalo. Mimi naandika kuhusu kile ambacho mji huu unaweza kukifanya kwa mikono yake mwaka huu: jiko la chuma lenye mlango, lililofungwa mahali pake, lenye bomba linalopeleka gesi zote juu ya paa.

Mji upi utaweza hilo kama si huu? Jadotville ya zamani, inayoitwa Likasi tangu 1966, imesimama juu ya tanuru na mabomba. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929. Karakana kuu za Panda zilikata, zikakunja na kuchomelea kila kitu ambacho migodi ya Katanga ilihitaji. Mimi ni mmoja wa waliofundishwa kazi ya chuma na wazee wa karakana hizo, na nilichokisikia kwao kuliko kingine chochote ni kwamba tanuru haliwashwi kabla njia ya gesi haijakamilika na kukaguliwa. Mwaka 2003 kampuni ya migodi ya Gécamines ilipowaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa hiari, ujuzi huo ulitoka nao getini. Haukufa. Uko kando ya barabara, chini ya vibanda, mikononi mwa vijana wao wanaochomelea milango, madirisha na mabenchi. Hao wanaweza kutengeneza jiko la nyumba kwa siku chache. Wanachokosa ni vipimo, na mtu wa kuwaambia kwamba jiko lililofungwa vibaya ni hatari mpya badala ya ile ya zamani.

Nitavitaja vipimo hivyo, Mheshimiwa, kwa sababu wenzangu wataisoma barua hii pia. Nitaanza na mahali. Jiko likae sebuleni, si chumba cha kulala. Vyumba vyetu vingi ni vya mita tatu kwa tatu, na ukiondoa kitanda, sanduku na nguo zinazoning'inia hakuna nafasi ya moto. Joto la sebule litaingia chumbani kupitia mlango ulioachwa wazi. Jiko lisilo na kipimo kilichothibitishwa kiwandani, na yetu yote ni hayo, liwe mbali na kila kinachoungua kwa sentimita 90: kiti, pazia, mlango wa mbao, godoro la sponji, ukuta wa mbao au wa tripleksi. Najua mita pungufu kidogo ni nafasi kubwa katika nyumba ya kupanga. Ipo njia ya kuipunguza kihalali: bati likifungwa mbele ya ukuta huo kwa vipande vya chuma, liache nafasi ya sentimita 2.5 kati yake na ukuta, liwe wazi chini na juu ili hewa ipite nyuma yake, basi jiko linaweza kusogea mpaka sentimita 30. Bati lililogongomelewa moja kwa moja juu ya mbao halilindi kitu. Linapeleka joto kwenye mbao hizo hizo, na mbao iliyokaushwa mwaka baada ya mwaka huanza kuungua kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Ukuta wa matofali matupu, bila mbao ndani wala nyuma, ndio rafiki wa jiko, na nyumba zetu nyingi zina ukuta huo. Chini yake pawe na saruji au matofali, yakitokeza mbele ya mlango wa jiko kwa sentimita 45, maana kaa linaloruka huruka mbele.

Kuhusu bomba ninaomba uvumilivu, kwa sababu hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Gesi moto hupanda kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje. Nguvu hiyo inatokana na urefu wa bomba na joto lililomo ndani yake, basi. Kila kiwiko kinaipunguza. Kila mita ya kulala inaipunguza. Bora kabisa ni bomba linalopanda wima kutoka kwenye jiko mpaka nje ya paa. Ikibidi kukata kona, viwiko visizidi viwili, na kipande kinacholala kiwe kifupi na kiinuke kuelekea nje angalau sentimita 2 kwa kila mita. Upana usibadilike: bomba lililotoka kwenye jiko na sentimita 15 lifike angani na sentimita 15. Nimeona bomba jembamba likichomekwa ndani ya pana kwa sababu hicho ndicho kilichokuwepo karakanani. Hilo ni kumziba mtu pua.

Wenzangu wengi huunganisha vipande mdomo mwembamba ukielekea juu, wakihofu moshi utavuja. Geuzeni. Mdomo mwembamba wa kila kipande uingie ndani ya kipande cha chini, ili lami inayoganda ndani ya bomba itiririke kurudi kwenye jiko na kuungua humo, isidondoke nje ya bomba juu ya sakafu. Bomba likivuta vizuri, moshi hautoki kwenye maungio. Kila ungio lipate skrubu tatu. Bomba la bati moja nalo lina nafasi yake: sentimita 45 kutoka kwa kila kinachoungua, na hapo ninamaanisha kenchi na dari. Watu huliangalia jiko wakasahau kwamba juu ya vichwa vyao bomba lenye joto kali linapita kwenye tundu la tripleksi lililokatwa kwa kubana. Dari likatwe kwa upana unaotakiwa, pengo lizibwe kwa bati, na penye kenchi karibu bomba livikwe la pili lenye pamba ya mawe katikati. Bila hivyo jiko litawaokoa watu na gesi, kisha liwachomee nyumba.

Sasa mdomo wa bomba. Njia ya mkato inayopendwa ni kulitoa bomba dirishani na kuliishia hapo, chini ya ukingo wa bati. Mheshimiwa, katika majira ya baridi upepo wetu hutoka kusini-mashariki, na huvuma siku nzima. Mdomo wa bomba ukiutazama upepo huo chini ya ukingo, gesi zinasukumwa kurudi chumbani, na kwa makala hakuna atakayeona. Bomba lipande juu ya paa angalau sentimita 90 kutoka pale lilipotokea, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 3, uwe mgongo wa paa, uwe ukuta wa jirani. Kutoka jikoni mpaka mdomoni lifike mita 4 au 5. Juu liwekwe kofia ya kuzuia mvua na wavu wa kuzuia ndege. Kile kisahani cha kuzungusha ndani ya bomba, ambacho mafundi hupenda kukiweka ili moto udumu, mimi ninashauri kisiwekwe kabisa katika jiko la makala. Mtu akikifunga usiku ili makala yasiishe, ameifunga njia ya pekee ya sumu kutoka. Na pawe na tundu dogo la hewa ukutani, chini, karibu na jiko, lisilozibika, kwa maana bomba haliwezi kutoa kile ambacho hakijaingia.

Hapa niseme jambo ambalo wauza makala hawatalipenda. Jiko lenye bomba zuri linaweza kuchoma kuni kavu, na kuni kavu ni bora humo kuliko makala. Moto wake unalipasha bomba, bomba linavuta, na ukikosea, moshi unaonekana na kukukohoza ukiwa bado macho. Tena, katika tanuru la udongo zaidi ya nusu ya nguvu ya mti hupotea wakati wa kuugeuza kuwa makala, na miombo inayouzunguka mji huu inasogea mbali zaidi na Likasi kila mwaka. Sharti ni kwamba kuni ziwe kavu kweli, zimekatwa mapema. Kuni mbichi huacha lami bombani, na lami hiyo siku moja hushika moto. Bomba lipigwe brashi kabla ya baridi kuanza na katikati yake. Majivu yatolewe kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko na kuwekwa nje, kwa kuwa kaa linaweza kukaa hai ndani ya majivu kwa siku kadhaa likitoa gesi ile ile.

Na malighafi. Mji wa migodi una mapipa mengi, na pipa linaonekana kuwa jiko lililokwisha kutengenezwa nusu. Lakini pipa lile lilibeba nini kabla ya kufika sokoni? Dawa za kuchambulia shaba, mafuta, vimumunyisho. Mabaki yake yakipashwa moto hutoa mvuke wa sumu, na pipa lenye mabaki ya mafuta linaweza kulipuka usoni mwa fundi anayelikata. Pipa lisilojulikana historia yake lisiingie ndani ya nyumba ya mtu. Bomba la bati la zinki nalo lisitumike karibu na moto, kwa kuwa zinki ikiungua hutoa mvuke unaoumiza mapafu. Sehemu ya chini iwe chuma cheusi. Na ukikuta paa la zamani la saruji yenye asbesto, usilikate kwa msumeno, vumbi lake ni hatari kwa miaka mingi mbele. Pitisha bomba kwenye ukuta wa matofali, ukubali kiwiko kimoja, na uongeze urefu nje. Baadhi ya nyumba kubwa za wakati wa Jadotville bado zina dohani ya matofali. Zisiwashwe kwa kuaminiwa tu. Nyingi zimepasuka ndani, au ndege wamejenga humo, au mtu aliziba mdomo wa juu mvua ilipokuwa inavuja.

Ninachokuomba, Mheshimiwa Meya, si fedha nyingi. Toa karatasi moja ya vipimo hivi, kwa Kiswahili, yenye michoro, ibandikwe katika kila ofisi ya mtaa na kila karakana. Waite mafundi wa komini zote nne kwa mafunzo, na wazee wa Panda waliobaki wawe walimu wao. Kila komini ifunge jiko moja la mfano mahali watu wanapoingia kila siku, kituo cha afya au shule, ili mtu aliguse kabla ya kulinunua. Waombe madaktari waandike kwenye daftari zao sababu ya kweli ya vifo hivi, ili tujue mitaa ipi ianze. Na redio zetu zisome onyo kila jioni kuanzia mwezi huu wa Mei, kwa Kiswahili, Kisanga, Kiluba na Kibemba, kwa maneno mafupi: mbabula isilale ndani.

Jambo moja ninalipinga tangu sasa. Vipimo hivi visigeuzwe kuwa faini. Tunawajua wanaogonga mlango na karatasi mkononi, wakitafuta kosa. Siku mkaguzi wa jiko atakapoanza kudai pesa, watu watayaficha majiko yao na kurudi kwenye mbabula, mlango ukiwa umefungwa. Ukaguzi uwe wa bure, ufanywe na fundi pamoja na mkuu wa mtaa, na akiona kasoro airekebishe palepale. Uzito wa sheria nauombea mahali pamoja tu: kwa mwenye lupango anayepangisha vyumba visivyo na dirisha linalofunguka. Huyo anapokea kodi ya kila mwezi. Afungue dirisha, na akikubali jiko lifungwe, gharama ya tundu la paa na bomba iwe yake, kwa sababu bomba litabaki kwenye nyumba yake mpangaji akihama.

Jiko litamgharimu mtu zaidi ya mbabula, sikatai. Akina mama wa likelemba wanajua kulifikia jambo kama hilo: zamu hii jiko la huyu, zamu ijayo la yule. Kwa ambao hawatalifikia mwaka huu, mbabula ibaki nje. Ipashe matofali mawili, yafungwe kwa kitambaa kizito, yawekwe miguuni mwa watoto. Ipashe maji, yaingizwe kwenye chupa imara. Hilo linatoa joto la saa nyingi na halitoi gesi. Mtu akiumwa kichwa ghafla karibu na moto, wote watoke nje kwanza, mlango ubaki wazi, ndipo wampeleke hospitali, na wamwambie daktari kulikuwa na makala ndani.

Mafundi tuko tayari. Tupe ukumbi, tupe siku, na onyo la kwanza lisomwe redioni kabla ya tarehe 1 Juni.

Kwa heshima,

Fundi wa chuma, mkazi wa Panda